Gita Lisiloumiza Vidole

Gita lile lilikuwa limekazwa nyuzi sawasawa. Hilo peke yake lingemtia Ednah wasiwasi, kama angekuwa anajua lolote kuhusu magita. Lakini hakujua. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu mjini Meru, mke wa Muriuki fundi cherehani, mama wa Kendi aliyekuwa shule ya bweni, na kanisa lao lilikuwa limepata amplifaya na spika mbili bila mtu wa kupiga gita la umeme. Akina mama wa kwaya walitazamana, kisha wote wakamtazama yeye. Hiyo ilikuwa Februari, mwaka wa tisini na nne.

Mzee Mithika, aliyewahi kupiga katika bendi za mahoteli Nairobi, alikubali kumfundisha, ila alimpa masharti.

"Usichague kwa rangi, mwalimu. Angalia shingo imenyooka. Angalia nyuzi zimelala karibu na shingo, zisikuchoshe. Livae begani usikie uzito. Na usinunue kama mimi sipo."

Siku ya kwenda dukani Mithika akaitwa matangani huko Maua, na Ednah hakuwa na subira. Alienda peke yake kwa Runji, fundi wa redio mwenye kibanda nyuma ya mabucha ya Majengo. Magita yalikuwa mawili. Moja lilikuwa jekundu, jipya, nyuzi zake ziko juu kama kamba za kuanikia nguo. La pili lilikuwa la kahawia, kuukuu, halina jina la kiwanda popote. Runji alisema limening'inia pale miaka minne bila kuguswa.

Ednah akaliweka mapajani. Shingo ilikuwa imenyooka kama rula. Nyuzi zilikuwa karibu. Akapitisha kidole gumba juu ya zote sita, nazo zikalia kwa kupatana, kana kwamba mtu amezikaza asubuhi hiyo hiyo.

"Nani alikuwa nalo?" akauliza.

Runji hakuinua macho kutoka kwa redio aliyokuwa akiitengeneza. "Watu."

"Watu gani?"

"Mwalimu, unanunua ama unafanya uchunguzi?"

Akanunua.

Kwa majuma matatu mambo yalienda vizuri kupita kiasi. Kila jioni baada ya shule Mithika alimkuta kanisani, akamwonyesha mahali pa kubonyeza, na kabla hajamaliza kueleza, mkono wa Ednah ulikuwa umeshafika. Alipiga nyimbo ambazo hakuwahi kufundishwa. Mchungaji akafurahi, akatuma jina lake kwa mkutano mkubwa wa makanisa utakaofanyika Embu wakati wa Pasaka. Ednah, ambaye maisha yake yote alikuwa ameimba mstari wa nyuma, alianza kutembea akiwa ameinua shingo.

Mithika peke yake hakufurahi. Siku moja alimkatiza katikati ya wimbo.

"Lete mkono wa kushoto."

Akaupindua, akapapasa ncha za vidole. Zilikuwa laini kama za mtoto mchanga.

"Umewahi kupiga gita, mwalimu? Usinifiche."

"Haki sijawahi."

"Vidole vya anayeanza lazima viume. Vinavimba, vinapasuka, ndipo vinaota sugu. Mimi nililia mwezi mzima." Mzee akauachilia mkono ule kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. "Sasa wewe, maumivu yako yameenda wapi?"

Ednah alicheka. Lakini njiani kurudi nyumbani aliyatafuna maneno yale, na hayakushuka.

Walikuwa wamepanga vyumba viwili Majengo, na Muriuki alishonea kwenye baraza, mbele ya mlango wao. Kesho yake alipotoka shule, Ednah alipitia nyumbani kuchukua gita, akamkuta amezima cherehani mapema. Mbele yake kulikuwa na gauni jeupe la bibi harusi, na kifuani mwa gauni matone manne ya damu, yamejipanga mstari. Vidole vyake vinne vya mkono wa kushoto vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Ni sindano," Muriuki alisema upesi.

"Sindano ikudunge vidole vinne?"

Ednah akaingia ndani. Gita alilokuwa ameliacha nyuma ya kabati lilikuwa juu ya kitanda, na chumba kilinuka nywele zilizoungua. Alipoligusa shingo, lilikuwa na joto, joto la kitu kilichotoka kushikwa sasa hivi. Basi akaelewa, au alidhani ameelewa. Mume wake, aliyesema gita ni upuzi wa vijana, alikuwa akijifunza kwa siri. Akatoka barazani.

"Baba Kendi, kwa nini usiniambie tu? Unalipiga nikiwa shule."

Muriuki akamtazama. Uso wake haukuwa wa mtu aliyefumaniwa. Ulikuwa wa mtu ambaye amengoja kuuliza jambo na akaogopa jibu.

"Mimi nilipige?" akasema kwa sauti ya chini, majirani wasisikie. "Kila siku saa nane nasikia gita ndani ya nyumba yangu. Nilifikiri umetoroka shule, ukapitia mlango wa nyuma. Na si wewe peke yako. Kuna mwanaume anaimba pamoja na hilo gita, polepole. Nimekaa hapa juma la pili nikijiuliza kama huyo ni Mithika, na kama niingie ama nisiingie."

"Aii! Mithika ana miaka sabini!"

"Sijui ana miaka mingapi. Ninajua ninachosikia."

Usiku huo kila mmoja alilala akiwa amempa mwenzake mgongo.

Asubuhi Ednah alituma habari shuleni kwamba ni mgonjwa. Alifunga mlango wa nyuma kwa kufuli, akaufunga wa mbele, akaketi barazani kando ya mume wake na funguo zote mapajani. "Leo tutajua nani mwongo," akasema. Muriuki akavuta kiti karibu, akaweka kitambaa kwenye mashine asikishone. Walikaa hivyo, kila mmoja akimlinda mwenziwe kwa pembe ya jicho. Waumini walitoka msikitini, wachuuzi wakafunika nyama, barabara ikatulia kwa jua.

Saa nane, gita likalia.

Lilianza kwa uzi mmoja, taratibu, kama mtu anayejaribu kama kuna anayesikiliza, kisha wa pili, kisha zote, bila umeme wala amplifaya, na bado sauti ilitoka nene na kujaza baraza, na ndani yake sauti ya mwanaume ikiimba mdomo umefungwa, na harufu ya nywele zilizoungua ikapenya chini ya mlango uliokuwa umefungwa, ambao ufunguo wake Ednah alikuwa ameukaza mkononi mpaka meno yake ya chuma yakamwingia kiganjani, na alipogeuka kumwambia Muriuki amsamehe aliona mkono wa kushoto wa mume wake umelala juu ya kile kitambaa na vidole vinakimbia, vinabonyeza hewa, vinaruka na kurudi, na vitambaa vya dawa vinalowa vyekundu, na Muriuki mwenyewe anautazama mkono ule kama anavyotazama nyoka aliyeingia nyumbani.

"Ushike," akanong'ona. "Mama Kendi, ushike, siwezi kuuzuia."

Aliushika kwa mikono yote miwili, akaulalia kwa kifua. Ulikuwa na nguvu kuliko yeye. Na jambo lililomwogofya zaidi ni kwamba aliutambua wimbo kupitia ngozi ya mume wake. Ulikuwa wimbo ambao yeye Ednah angeupiga Embu.

Gita liliponyamaza, walikuwa wanajua wote wawili yalikokwenda yale maumivu.

"Twende kwa Maalim Idi," Muriuki alisema.

"Na mchungaji akisikia?"

"Mchungaji ana vidole vyake."

Maalim Idi alikuwa jirani, mzee mkimya aliyeuza ndala na kusomea wagonjwa. Aliwapokea baada ya sala ya alasiri, akalilaza gita kwenye mkeka, akamketisha Muriuki mbele yake na Ednah kando. Akasoma. Alisoma muda mrefu, mpaka shingo ya Muriuki ikalegea, na kilichotoka kinywani mwake hakikuwa sauti yake. Kilikuwa kile kilichoimba mchana, na kilikuwa kipole sana.

"Mimi sikuvamia," sauti ikasema. "Huyu mama alinichukua akaniweka mapajani."

"Toka," Maalim akasema.

"Nitatoka. Aseme yeye. Lakini nikienda, naenda na vyote nilivyoweka mikononi mwake. Hatabaki na hata wimbo mmoja. Aseme."

Maalim akamgeukia Ednah. "Mama, sema."

Damu ilidondoka kutoka vidoleni mwa Muriuki, ikaingia kwenye mkeka. Ednah alifungua mdomo. Akaona uwanja wa Embu, watu wamejaa hadi barabarani, yeye mbele. Akaona mstari wa nyuma wa kwaya. Pasaka ilikuwa imekaribia. Siku tisa tu.

"Mama!"

Tone lingine likaanguka. Kisha lingine.

"Mwalimu, sema!" Maalim akasisitiza.

"Toka," Ednah akasema. "Toka kwa mume wangu. Toka na vitu vyako."

Nyuzi zikakatika zote sita kwa mpigo. Muriuki akapumua kama mtu aliyetolewa majini, akafungua macho, nayo yalikuwa tayari yanamtazama mke wake.

Maalim alilichoma gita mwenyewe. Embu kwaya ilienda na ngoma na kayamba. Vidole vya Muriuki vilipona kufikia Mei, na kazi yake ikarudi vizuri, hata yule bibi harusi akamletea wateja. Hakuna kilicholia tena ndani ya nyumba ile.

Jioni moja ya Juni walikuwa wakila githeri, taa iko katikati yao. Muriuki akaweka kijiko chini.

"Siku ile kwa Maalim," akasema. "Mimi nilikuwa nasikia kila kitu. Kabla hujasema, ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa naogopa," Ednah akajibu.

Muriuki akaitikia kwa kichwa. Kisha taratibu, bila hasira, akaiondoa mikono yake juu ya meza na kuiweka mapajani, mahali ambapo mke wake hangeiona.