Usukani Mrefu wa Muturi

"Boss, huu usukani unaniua."

Ilikuwa Bondeni, mbele ya duka la spea, saa ambayo mikokoteni ya viazi na watu wa bodaboda hugombania kivuli kimoja. Msichana alizima pikipiki na kusema hivyo kana kwamba mtaa mzima ulikuwa na kosa. Alivaa gambuti za kijani, koti la kazi lenye madoa ya samadi, na hereni za shanga nyekundu ambazo Muturi, fundi mwenye duka, alizikagua kabla hajaikagua pikipiki.

"Unakuua wapi, madam?"

"Mabega. Mikono inakufa ganzi kabla sijafika Njoro. Mimi hupandisha ng'ombe, natembea na mbegu ya fahali kwa mtungi, Rongai mpaka Longonot. Nikifika nimechoka kuliko ng'ombe mwenyewe."

"Ng'ombe wana bahati kukuona. Unaitwa nani?"

"Jerotich. Na sikuja kuitwa, nilikuja kutengenezewa."

Usukani ule, kama sukani zote wanazotuletea, ulipimwa kwa mabega ya mwanamume, tena mrefu. Jerotich aliyekuwa mfupi aliinama juu yake kama mtu anayesukuma mkokoteni mlimani. Waliouunda hawakumuuliza mwanamke hata mmoja, waliouingiza nchini hawakumuuliza, na sisi tumezoea kuinama. Muturi alilegeza bolti, akauvuta nyuma kidogo, akakaza. Ikawa afadhali. Akaomba namba ya simu, akapewa.

"Niaje, daktari wa ng'ombe?" alimpigia jioni.

"Poa, daktari wa vyuma. Umekula?"

"Nangoja uniulize ndio nile."

"Haki wewe ni muongo."

Jumapili walionekana mjini, Jerotich na rinda la manjano, Muturi na jaketi ya jinzi iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mkikuyu wa Bondeni na Mkalenjin wa Rongai. Kuna mwaka wa fujo za uchaguzi ambapo mji huu ungewakataza hata kusalimiana, na wanasiasa waliotuletea mwaka huo mpaka leo tunawapungia mikono na kuwapigia vigelegele. Mimi sijasahau. Wao wawili walikuwa wanagawana chipsi, wanacheka.

Mambo yaliharibika Jerotich alipoenda harusi Kericho, akaacha pikipiki dukani ibadilishwe mafuta ya injini. Mafuta tu. Aliporudi alikuta usukani mpya umesimama kama pembe za ng'ombe wa maonyesho, unang'aa, una tepe nyekundu zinaning'inia kwenye vishikio.

"Muturi, hii ni nini?"

"Zawadi, mpenzi! Utaonekana kutoka Lanet."

"Ule wangu uko wapi?"

"Nilimpa Kipruto wa bodaboda aweke kwa nduthi yake."

Angegomba papo hapo, lakini simu ililia. Mzee Makokha wa kule Bahati alisema ng'ombe wake yuko joto tangu asubuhi, anataka kupandishwa. Jerotich akafunga mtungi, akaondoka mikono ikiwa juu kama mtu aliyekamatwa.

Muturi alikuwa ameinua usukani lakini hakubadilisha waya wa mafuta, ule unaoongeza mwendo, kuweka mrefu zaidi. Barabara ikinyooka, hutambui. Jerotich alipokata kona kuingia kwa Makokha, waya ulivutika, injini ikanguruma yenyewe, pikipiki ikaruka ndani ya ua wa kayaba. Walowezi waliupanda ua ule kuwafungia babu zetu nje, wakaenda zao, na miiba yake bado iko kazini. Mikono ya Jerotich ikachanika. Mtungi ukapinduka, mbegu yote ikaharibika.

"Pole, daktari," Makokha alisema, macho yakiwa kwa ng'ombe. "Sasa hiyo ni kungoja tena."

Jerotich alimpigia Muturi, akamweleza, akiwa bado anang'oa miiba.

"Umeumia? Nakuja!"

"Usije."

"Jero, nilitaka tu upendeze."

"Nani alikuambia sipendezi? Ulinikalisha kwa hiyo pikipiki hata mara moja kabla ukaze bolti?"

"Nilijua utaipenda..."

"Ulijua! Baba alijua shule inayonitosha. Bosi anajua barabara inayonifaa. Kila mtu anamjua Jerotich isipokuwa Jerotich!"

Akakata.

Muturi alinuna, akaenda kulalamika kwa Tabby, jirani muuza chapati, kwamba wanawake hawana shukrani.

"Wewe Muturi," Tabby alisema bila kuacha kugeuza chapati, "ukininyoa nikiwa nimelala, niamke nikushukuru?"

Kesho yake Muturi alifika Njoro, nje ya chumba alichopanga Jerotich, na ovaroli ya kazi, sukani tatu zimefungwa mgongoni na waya mpya shingoni.

"Keti kwa pikipiki," alisema. "Mimi nashika spana tu. Wewe sema."

Wa kwanza ulikuwa chini mno, ukamuumiza viganja. Wa pili, mpana, uligeuka vizuri sana lakini ulimtanua kifua kama mlango wazi. Wa tatu ulirudi nyuma kumfuata, mweusi, bila urembo wowote. Jerotich akanyoosha mgongo.

"Huu."

"Jero, huo ni mbaya kuangalia... Hapana, sijasema kitu! Huo ndio."

Akaukaza, akafunga waya, akageuza huku na huku injini ikiwaka. Ilinguruma sawasawa.

"Halafu," Jerotich alisema, "nasikia umeangalia nyumba ya watu wawili. Huyo wa pili ni nani?"

"Nilikuwa naenda kukuambia."

"Kuniambia?"

"Kukuuliza! Yesu wangu. Kukuuliza."

"Uliza basi."

Muturi akavua kofia, spana bado mkononi. "Jerotich, utakubali tuoane?"

Jerotich alivaa helmeti polepole. "Panda nyuma."

"Tunaenda wapi?"

"Rongai, kwa mama."

"Na ovaroli? Nina oili mpaka shingoni!"

"Ataona fundi."

"Lakini hujanijibu!"

"Nakupeleka kwa mama, Muturi. Unataka nikuchoree?"

Akapanda. Pikipiki iliposogea, mikono ya Muturi ilipita kando ya Jerotich kutafuta usukani. Jerotich akaipiga kofi. Muturi akamshika kiuno.