Mabenchi ya Mama Mbuke

Mwaka ule sukari ilikuwa imerudi madukani, na watu wa Musoma walikunywa chai kama wanaolipiza kisasi. Hotelini kwa Mama Mbuke waliinywa wamesimama. Hata ugali wa muhogo na sato waliula wamesimama, sahani mkono mmoja, kama korongo ufukweni.

Si kwamba Mama Mbuke hakuwa na mabenchi. Alikuwa nayo, tena imara, aliyoyachonga mumewe, Masatu. Lakini yalikuwa nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku. Kuku walikaa vizuri kuliko wateja.

Sababu ilikuwa leseni. Ada ya leseni ya hoteli ilipigiwa hesabu kwa mambo mengi: viti, meza, majiko, upana wa chumba, halafu makadirio ya mauzo. Mama Mbuke hakuielewa hesabu ile. Alielewa jambo moja tu: kiti kikionekana, ada inapanda. Basi kila Bwana Bernado wa ofisi ya leseni alipotokea barabarani, Masatu alipiga chafya ya uongo, na mabenchi yakakimbizwa nyuma. Mwishowe wakachoka kuyakimbiza. Wakawaachia kuku.

Siku moja akaja Mwalimu Clementi, katekista wa parokia.

"Mama Mbuke, Jumapili tunapokea kwaya kutoka Bunda. Nataka wale hapa. Samaki wako nawajua."

Moyo wa Mama Mbuke ukaruka. Binti yake Mbuke alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na sanduku lilikuwa halijapatikana. Chakula cha kwaya nzima kingelinunua.

Clementi akatazama chumba. "Watakaa wapi?"

"Watasimama, Mwalimu. Hapa ndiyo mtindo."

"Waimbe wamesimama tangu asubuhi, halafu wale wamesimama? Hao ni wanakwaya au nguzo za simu? Nitapita Ijumaa. Nikikuta pa kukaa, kazi ni yako. Nisipokuta, nawapeleka kwingine."

Alipoondoka, Masatu akasema, "Tuyatoe Jumapili tu. Siku hiyo Bernado haji kazini."

"Jumapili Bernado anakuja kanisani, Baba Mbuke. Tena anaimba besi."

"Basi tumepatikana."

Jirani yao Dafroza, fundi cherehani, alikuwa amewasikia. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe ndiyo maana kuku wenu wananenepa. Kwani hamkuja kwenye mkutano wa wafanyabiashara?"

"Tuliogopa tutahesabiwa," akasema Masatu.

"Hesabu ile imefutwa. Mimi nilikuwaga nalipia mpaka kigoda cha mteja anayesubiri suruali yake. Sasa wanauliza jambo moja: biashara yako ni ya aina gani? Genge lina ada yake. Hoteli ya chakula ina ada yake. Yenye vyumba vya kulala, yake. Bango liko nje ya ofisi, unasoma kabla hujaingia."

"Na viti?" akauliza Mama Mbuke.

"Jaza chumba. Ada ni ile ile."

"Na nikiuza sana?"

"Ada ya leseni haipandi. Kodi ya mapato ni jambo lingine, ina ofisi yake. Ila shogangu, usitoe hela bila kupewa stakabadhi. Na wakikutajia kinachopishana na bango, waulize. Kuuliza hakutozwi."

Mama Mbuke hakutosheka na maneno ya mdomo. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, na alitaka kuona mwenyewe. Kesho yake akasimama mbele ya bango, kidole chini ya maneno. Hoteli ya chakula. Ada moja. Tena ndogo kuliko ya mwaka jana. Akasoma tena, kwa raha tu.

Ndani, Bernado akainua kichwa. "Mama Mbuke. Mwaka huu una viti vingapi?"

Mama Mbuke akageuka kulitazama bango.

"Nakutania," akasema Bernado. "Siulizi tena. Hata mimi nilichoka. Kwako viti vilikuwa na mbio kuliko mimi."

Mama Mbuke akalipa, akapokea stakabadhi na leseni yake, akaitundika ukutani. Mabenchi yakasuguliwa kwa majivu. Kuku wakalalamika siku nzima. Ijumaa Clementi alikalia benchi la kwanza, akajipimapima, akasema, "Jumapili, mama."

Jumapili kwaya ilikula imekaa, ikaongeza, ikaimba ingali imekaa. Mara Bernado akatokea mlangoni. Masatu, kwa mazoea, akapiga chafya na kunyanyua ncha ya benchi. Wasoprano wawili wakateleza mpaka kwenye mapaja ya besi.

"Lishushe, Baba Mbuke," akasema mkewe huku watu wakicheka. Akapangusa nafasi kwa ncha ya khanga yake. "Bwana Bernado, miaka yote hii sijakukaribisha kiti. Kaa."

Wiki iliyofuata Mbuke alikwenda shule na sanduku jipya. Kabla basi halijafika, sanduku lilikaa juu ya benchi mbele ya hoteli, mchana kweupe. Bernado akapita, akawasalimu. Hakuna aliyepiga chafya.