Ngoma ya Asubuhi Mlangoni kwa Lugusha

Zama zile pembe za ndovu zikishuka pwani mabegani mwa wapagazi, na bunduki za gumegume zikipanda bara, palikuwa na boma huko Unyamwezi likiitwa Isenga. Jemadari wake alikuwa Lugusha, ndiye aliyelishika lango adui walipolizingira, hata wakashindwa wakakimbia. Lango likafunguliwa, vigelegele vikapigwa. Yeye hakusema neno. Wala siku zilizofuata hakusema.

Siku nyingine alikaa kama mzigo uliotuliwa. Siku nyingine wazimu ulimpanda akang'ata watu, ndipo wakamtia miguu katika mkatale, lile gogo lenye matundu. Waganga walimfukiza mpaka wakachoka wao. Na kila asubuhi, kwa heshima ambayo hata mwana wa mtemi hakuipata, wapiga ngoma walikuja mlangoni kwake wakamtajia mmoja mmoja wale aliowaua.

Nyamizi, dada yake, alimlisha ugali kama mtu anayejaza kibuyu. Zamani alilia. Sasa alingoja tu ameze. Hata majirani waliokuja kumpa Lugusha umbea, ambao zamani aliupenda kuliko nyama, walizungumza na ukuta.

Ikatokea wapiga ngoma wakaenda msibani kijiji cha mbali. Asubuhi hiyo Lugusha alinyoosha mkono, akamega tonge mwenyewe.

Nyamizi akaenda kwa mtemi, akapiga magoti.

"Mtemi wangu, ngoma ile inyamazishwe."

"Ngoma si yangu, mwanangu. Ni ya nchi."

"Basi nchi ibaki nayo. Mimi nipe ndugu yangu nimpeleke kwingine."

Mtemi alikigeuza kibangwa, lile kombe jeupe la utemi kifuani pake. "Mchukue. Lakini vita vinarudi, na boma halifungi mwenye wazimu ndani. Mvua zikianza nitatuma mtu. Akiwa mzima, arudi langoni. Akiwa hivi, asirudi, na wewe uliyemtoa usirudi."

Nyamizi akamfunga kaka yake kamba kiunoni, mkuki wake akaubeba yeye, wakashika njia ya machimbo ya chumvi. Porini wakakutana na rugaruga, wapiganaji wa kukodiwa, vitambaa vyekundu kichwani, meno ya watu shingoni.

"Ndiye Lugusha huyu?" mmoja akacheka. "Mbona kama boga?"

Wakampiga makofi. Hakupepesa jicho. Wakachukua mkuki na kaniki ya Nyamizi, wakamwachia kipande cha kujisitiri. Nyamizi aliutafuta uchungu wa fedheha ile moyoni, hakuukuta. Wakaendelea na safari.

Kule machimboni, ng'ambo ya mto, wanawake wa kila nchi walichemsha maji ya chumvi, na kwa mwiko wa mahali pale silaha haikuvuka wala ngoma ya vita. Mwenyeji wao, Mama Wande, alikuwa na nyumba isiyojua kujaa.

"Kaka yako anaumwa nini?"

"Anaumwa kwao."

"Heh! Wengi wanaumwa hapo, ila hawasemi. Mfungue kamba, mkalishe katikati. Pembeni kuna baridi."

Hakuna aliyejua sifa zake. Waliiruka miguu yake wakipita, wakamwekea watoto mapajani, wakawateta waume zao mbele yake kana kwamba naye ni shoga yao. Wakampa upawa akoroge. Mama Wande alikuwa katikati ya kisa cha mume aliyejificha ghalani akapiga chafya, pale sauti nzito iliposema, "Chumvi inaungua."

Wote wakageuka. Lugusha alikuwa anakoroga.

"Si uiepue basi!" akasema Mama Wande, akaendelea na kisa chake.

Mvua za kwanza zikaja, na nyampara wa mtemi akaja nazo, na wapiga ngoma. Wakasimama ng'ambo ya pili, wakapiga, wakataja majina ya wafu. Upawa ukamdondoka Lugusha. Akakaa matopeni, mdomo wazi, mate yakimtiririka kidevuni.

"Nyamizi!" nyampara akaita. "Amepona?"

Nyamizi alimtazama kaka yake. Nyuma ya nyampara aliuona moshi wa kwao, ingawa kwao kulikuwa mbali na hakukuwa na moshi.

"Hajapona. Mwambie mtemi hatutarudi."

Nyampara akamtazama yule mtu matopeni, akatema mate, akageuza watu wake. Ngoma ikafifia mvuani. Nyamizi alisimama, haogopi wala halii.

Nyuma yake mtu akajifuta kidevu.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Niokotee huo upawa."

Isenga waliimba kwamba Lugusha alifia langoni, mkuki mkononi, na ngoma iliendelea kupigwa kila asubuhi mbele ya nyumba tupu. Machimboni hakuna aliyemwimba. Walisema tu palikuwa na mzee mmoja hapo kwa Mama Wande, mpenda umbea, ambaye chungu chake hakikuungua.