Pua ya Mama

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare na kupiga deki, Pua na mama yake walipika matofaa kwa mdalasini. Pua halikuwa jina lake la shuleni. Mama alianza kumwita hivyo tangu homa kali ya mwaka uliopita, homa iliyomlaza Mama wiki tatu, na ilipomwachia ikaondoka na uwezo wake wa kunusa. Vitunguu vinavyokaangwa, maziwa yaliyochacha, soksi za mwanawe, vyote kwake vilikuwa hewa tupu.

Hilo lingekuwa jambo la kuchekesha kama Mama asingekuwa mpishi. Alipika katika shule ya bweni, na huko kazini alijitia hamnazo. Alipika kwa kuangalia saa na kwa macho, na wenzake waliposema mchuzi unanukia, naye aliitikia kuwa kweli unanukia. Siri hiyo ilijulikana na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nyumbani walikuwa wawili tu. Pua alinusa nyama kabla haijaoshwa, akanusa maziwa kabla hayajachemshwa, na alfajiri akanusa makwapa ya gauni la Mama kabla hajaenda kazini. Hapo walicheka hadi machozi yakawatoka.

Chakula nacho kilikuwa kimepoteza raha mdomoni mwa Mama. Alikula ili asianguke, basi. Matofaa ya Jumamosi peke yake ndiyo aliyoyala kwa hamu, kwa sababu mdalasini ulimchoma kidogo kwenye ulimi, na mchomo ule aliusikia. Aliukalisha mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza, huku amefumba macho.

Upishi wenyewe haukuwa na makuu. Mama aliyamenya matofaa, akayakata vipande vyembamba, akayakamulia limau yasigeuke rangi. Ndani ya sufuria aliweka siagi kijiko kimoja, sukari vijiko viwili, chembe ya chumvi na maji nusu kikombe, kisha akafunika na kuyaacha yaive kwa moto mdogo. Mdalasini uliingia mwisho kabisa, dakika chache kabla ya kuepua, kwani Mama alisema ukitiwa mapema unaleta uchungu. Kwa hiyo pakiti ya mdalasini haikufunguliwa hata siku moja kabla ya moto kuwashwa.

Kulikuwa na sheria nyingine, na hiyo ilikuwa ya Pua. Koki ya mtungi wao wa gesi ilikuwa imechoka, na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini sakafuni. Basi kabla ya kiberiti kuwashwa, Pua alipiga magoti kando ya mtungi, akainamisha uso karibu na sakafu, akavuta pumzi na kuhesabu hadi kumi. Akisema "safi", Mama aliwasha. Asiposema, Mama hakuwasha.

Jumamosi moja Mama alitoka kwenda kumwaga maganda na kunawa mikono kwenye bomba la nje. Huo ndio ulikuwa wakati wa Pua kupiga magoti. Lakini Pua alikuwa kwenye kochi na kitabu cha hadithi alichoazimwa, kitabu kilichotakiwa kurudishwa jioni ileile, na zilikuwa zimebaki kurasa nne. Mwizi alikuwa karibu kukamatwa. Isitoshe, kwa mwaka mzima Pua alikuwa amepiga magoti pale kila Jumamosi na hakuwahi kunusa chochote zaidi ya sabuni ya deki. Alimsikia Mama akirudi jikoni.

"Pua, umenusa?"

"Nimenusa, Mama. Safi."

Akafunua ukurasa.

Alisikia njiti ikikwaruza. Halafu ukaja mvumo mzito, na pazia la mlango wa jikoni likatupwa hadi sebuleni likiwa linaungua. Mama alitoka nyuma yake akiwa ameinyoosha mikono mbele, na mwanzoni hakupiga kelele hata kidogo. Nyusi zake hazikuwepo. Ngozi ya mikono ilikuwa imebadilika, na Pua akaona vizuri kabisa, kwa sababu kulikuwa na mwanga mwingi.

Jirani yao, fundi wa kuchomelea vyuma, aliruka uzio akaingia na blanketi lililolowa maji, akauzima moto na kuifunga koki kwa koleo. Alimvuta Mama hadi kwenye bomba la nje, akamwamuru Pua ayaache maji yamtiririkie Mama mikononi na asiyafunge mpaka aambiwe. Jirani mwingine alileta dawa ya meno ya kupaka. Fundi alimkataza. Yeye alikuwa ameungua mara nyingi kazini, alisema, na dawa ya kuungua ni maji ya bomba kwa dakika ishirini, kisha zahanati. Pua alishika kiwiko cha Mama dakika zote ishirini na hakuthubutu kumtazama usoni.

Zahanati muuguzi alimfunga Mama bandeji nyeupe kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Kazi yake ilimlazimu kuuliza na kuandika, akauliza. Aliuliza kama gesi haikunuka kabla ya kuwasha. Mama alijibu kwamba alikuwa na mafua. Halafu akageuza uso wake uliovimba kumtazama mwanawe, wala hakumtazama kwa hasira. Alitaka tu kujua.

 Kuna wakati mtu hutunga uongo kwa kuufikiria, na kuna wakati uongo humtoka wenyewe ukiwa umekamilika.

"Ni mdalasini," Pua alisema. "Pakiti ilikuwa wazi mezani. Harufu yake ilinijaa puani, sikusikia nyingine."

"Niliifungua?" Mama aliuliza polepole. "Kabla ya kuwasha?"

"Ndiyo, Mama. Umesahau tu."

Muuguzi alisema jambo hilo linawezekana, akaandika.  Pua alidhani mambo yameisha.

Hayakuisha, ndiyo kwanza yalianza. Mama mdogo alihamia kwao ili awapikie nje kwa mkaa na kumlisha dada yake, kwa kuwa Mama hakuweza kushika hata kijiko. Siku ya kwanza Mama aliuliza kama mlango wa nyuma umefungwa. Aliambiwa umefungwa. Baada ya muda mfupi akauliza tena. Siku ya pili alimwuliza Pua kama yeye mwenyewe, Mama, tayari amemeza dawa zake za mchana, na Pua alipomwambia amezimeza, Mama alimwangalia kwa woga, mwanamke aliyekuwa akikumbuka kichwani vipimo vya chakula cha wanafunzi mia tatu. Usiku aliyavuta maisha yake ya nyuma akiyachunguza, akimwuliza mdogo wake kama aliwahi kumwona akisahau vitu.

"Nimepika miaka kumi na tano," alimwambia. "Mdalasini ni mwisho. Najua ni mwisho. Sasa kama niliufungua mwanzo na hata sikumbuki, basi si pua peke yake iliyokwenda. Na akili inanitoka."

Mama mdogo alimtuliza, akamwambia ni mshtuko tu, lakini hakuwa na la kumthibitishia. Siku ya Ijumaa Mama alimwomba amwandikie barua ya kuacha kazi. Mtu asiyeweza kuamini kichwa chake, alisema, hastahili kusimama kwenye sufuria za watoto wa watu. Barua iliandikwa, ikawekwa juu ya redio, ikisubiri kupelekwa Jumatatu asubuhi. Kila Pua alipopita sebuleni aliiona. Mezani aliacha sahani yake imejaa, na mama mdogo akadhani mtoto anamhurumia mama yake. Alimsifu kwa moyo wake mwema, na sifa ile ilimchoma Pua kuliko matusi.

Jumapili aliambiwa asafishe jiko, ambalo tangu moto ule lilikuwa halijaguswa. Alikwangua masizi ukutani. Sufuria ilikuwa bado pale na vipande vya matofaa vimekuwa vyeusi na kuota ukungu, akavimwaga bila kuvitazama. Halafu akasogeza ndoo ya unga, na nyuma yake, ukutani kabisa, aliikuta pakiti ya mdalasini. Ilikuwa imerushwa huko na mvumo wa moto. Kona moja ilikuwa imebabuka, lakini mdomo wake ulikuwa bado umefungwa vilevile kama ilivyotoka dukani.

Pua aliketi sakafuni. Hakukuwa na mtu mwingine jikoni. Angeichana tu mdomo, amwage kidogo kwenye taka, na uongo wake ungekuwa kweli milele. Hakuna ambaye angemshuku. Aliushika ule ukingo kwa vidole viwili, akaanza kuuvuta.

Sebuleni Mama alikuwa anamwuliza mdogo wake leo ni siku gani. Aliambiwa Jumapili. Akasema alijua, alitaka tu kuhakikisha.

Pua aliinuka. Hakuivuta zaidi, akaenda nayo sebuleni. Aliiweka pakiti mapajani mwa Mama, juu ya bandeji, na akasema yote akiwa amesimama, kwa sababu alihofia akiketi atanyamaza. Kwamba hukuifungua, Mama. Kwamba mimi sikupiga magoti. Kwamba nilikuwa nasoma, na nikasema safi bila kunusa, halafu zahanati nikasema uongo mwingine ili wa kwanza usijulikane.

 Mama aliinamia ile pakiti, akaigeuza kwa ncha za bandeji, akautazama mdomo wake, akaupitisha karibu na macho. Kisha akaanza kulia, na Pua alidhani analia kwa ajili ya mikono.

"Sikuifungua," Mama alisema. "Kumbe sikuifungua. Akili yangu ni nzima."

Mama mdogo alikuwa amesimama na tayari amekunja uso, ana maneno yake makali mdomoni. Mama alimzuia kwa kutikisa kichwa. Alimwambia Pua aketi.

"Nisikilize vizuri, maana sitarudia," alisema. "Mtoto kuacha kazi akasoma kitabu, hilo ni kosa, na kosa hilo limeniunguza mikono. Mikono itapona, au haitapona vizuri, nitajua. Lakini uongo wako wa pili ulikuwa unanila mimi mwenyewe. Wiki nzima nimekaa hapa nikijiogopa. Umeuona uso wangu kila siku, ukanyamaza."

Pua alisema ameelewa. Mama akasema bado.

"Na mimi nina langu. Nilimwambia muuguzi nina mafua. Kazini mwaka mzima nawaambia nanusa. Nilijificha nyuma ya pua ya mtoto, nikakubebesha mzigo wa mtu mzima, na ukanisikia nikidanganya kila siku bila aibu. Neno la mtu ndilo daraja wenzake wanalolikanyaga wanapopita. Likiwa bovu, anayeanguka si aliyelisema."

Alimwambia mdogo wake aichane ile barua, aandike nyingine. Barua ya pili ilieleza habari ya pua tangu mwanzo, bila kupunguza. Mkuu wa jiko hakufurahi. Alisema wazi kuwa Mama amehatarisha watoto mia tatu, na kwa miezi mingi hataruhusiwa kukaribia moto. Ila alimpa kazi ya stoo na kukata mboga pindi mikono itakapopona, na akampeleka kwa daktari wa pua na masikio, ambaye hakumwahidi kitu.

Mikono ilipona ikiwa na makovu yanayong'aa, na kidole kimoja hakikunyooka tena. Fundi wa vyuma aliwafungia koki mpya na mpira mpya, akamfundisha Mama kupaka povu la sabuni kwenye maungio ya mtungi. Gesi ikivuja povu hutoa mapovu, na macho yanatosha. Kuanzia hapo Mama alipaka povu kila anapotaka kupika. Hakumwita mwanawe kunusa. Wala hakumwita Pua tena, alimwita kwa jina la daftari la shule. Hakuwa amenuna, alimpa chakula, alimsaidia hesabu, alimsuka nywele kwa vidole vyake vigumu. Lakini jina lile halikutoka kinywani mwake, na mtoto alijua sababu, akavumilia. Kila Mama alipopaka povu, yeye alikuja mwenyewe akapiga magoti kando ya mtungi, akanusa, akahesabu hadi kumi, akaondoka bila kuulizwa.

Miezi minne ilipita hivyo. Jumamosi moja uliletwa mtungi mpya, na Mama akakata matofaa kwa mara ya kwanza tangu ajali. Alikata polepole kwa sababu ya kile kidole. Alikamulia limau. Akapaka povu kwenye maungio, akaliangalia, na halikutoa kitu. Njiti ilikuwa tayari mkononi, naye akasita. Mtoto alikuwa amepiga magoti chini pale.

"Pua," Mama alisema. "Gesi?"

Alivuta pumzi. Alihesabu hadi kumi, na alipomaliza akahesabu tena, kwa kuwa alitamani sana kusema safi. Wote wawili walikuwa wameyangoja matofaa yale kwa muda mrefu.

"Si safi, Mama. Ipo kidogo, huku nyuma."

Mama aliirudisha njiti kwenye kiberiti. Alipaka povu upande wa nyuma, mahali ambapo hakuwa amefika, na hapo yakatokea mapovu madogo matatu, yakapasuka, yakatokea mengine. Alifunga koki. Walifungua mlango na dirisha, wakamtuma mtoto wa jirani amwite fundi.

Fundi alichelewa. Matofaa mabichi yakiwa kwenye bakuli, Mama akayanyunyizia sukari, akachana pakiti ya mdalasini na kuutia juu, wakaenda kuyala kibarazani bila kuyapika. Yalikuwa magumu na yenye ukali wa limau. Mama aliweka kipande kwenye ulimi, akafumba macho, akangoja.

"Unachoma," alisema, akamsogezea Pua bakuli.