Mvua Iliyofungwa Bredäng

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni mama yangu mdogo, Emérithe, siku ya Pasaka mwaka 2008, nyumbani kwake Bredäng, hapa Uswidi, kaka yake Ludovic akiwa amekaa meza hiyo hiyo anakula. Aliisimulia mbele yake makusudi. Yaliyotokea ndani ya nyumba nayaandika kama alivyoyasema yeye. Ya nje niliyaona mwenyewe.

Ilikuwa mwisho wa Februari mwaka huo. Vijana wa kanisa letu walikuwa waende milimani kuteleza kwa skii Jumamosi, na Mélissa, binti wa mama mdogo, alikuwa ameazima skii kwa mwenzake wa shule. Wiki nzima hakubanduka kwenye kompyuta, akitazama utabiri wa hali ya hewa.

"Plus fyra, regn," alisema. Nyuzi nne juu ya sifuri, mvua, hadi huko milimani.

Alitufafanulia vizuri. Mvua ikinyeshea theluji, kisha usiku baridi ikarudi, juu panafanya ukoko mgumu kama wa wali, na mtu akianguka hapo anavunjika. Mchungaji alikuwa ameshasema: ikinyesha, safari hakuna.

"Basi msiende," mama yake akasema. "Mungu kakupa miguu mizima, wewe unaifunga mbao."

"Men mamma!" Mélissa akalalamika.

Mjomba Ludovic akacheka. Kwetu Rumonge alikuwa akiitwa kwenye harusi kufunga mvua. Hupiga fundo kwenye kitambaa, hulifunika kwa chungu, na sherehe ikiisha hulifungua yeye mwenyewe. Lakini hata kule hakufunga hivi hivi. Kwanza alimwaga pombe chini, akawataja wenye ardhi, wale wasioonekana, kwa majina, akaomba ruhusa.

"Na hapa utamtaja nani?" mama mdogo akamwuliza.

"Waswidi hawana mambo hayo, mdogo wangu. Hawa wana kompyuta."

Akatoka kwenye baraza ya ghorofa yao na kopo la bia, akamwaga tone. "Wenyeji, mkitaka kunyweni. Msipotaka, shauri yenu." Akapiga fundo, akalifunika kwa sufuria. Mélissa akapiga makofi.

Ijumaa jioni nilikwenda Skärholmen kuwanunulia nta ya kupaka skii. Mélissa akanipigia simu.

"Dada, chukua ya bluu. Ya theluji mpya."

"Theluji gani? Mimi hapa nimelowa mpaka soksi."

Akacheka, akakata.

Mvua ilinyesha tangu kituo cha treni hadi kwenye jengo lao. Nikapita nyuma, njia ya mkato, kwenye uwanja wa majani.

Uwanja ulikuwa mweupe.

Uwanja ule peke yake. Mvua ilipiga magari, ikapiga lami, na ilipofika ukingo wa majani ikageuka theluji, kavu, laini kama unga wa muhogo. Hapakuwa na sauti. Hata mvua iliyokuwa mgongoni mwangu sikuisikia tena. Na kulikuwa na harufu... ya ngozi ya mnyama iliyolowa.

Mélissa alikuwa katikati, juu ya skii, anakwenda polepole.

"Dada! Titta, tazama! Mjomba kaweza!"

Nyuma yake kulikuwa na mistari miwili ya skii zake. Pembeni yake kulikuwa na mingine miwili, mipana zaidi.

Hiyo mingine ilikuwa inasonga mbele.

Ikamfikia. Ikasimama. Naye akasimama. Nikaona theluji inayoshuka inakwepa mahali pamoja kando yake, mahali parefu, pembamba, kama umbo la mtu... na hapakuwa na mtu.

"Nani amefunga?"

Ilikuwa sauti ya chini. Iliuliza kwa Kiswahili chetu cha Rumonge, kwa upole, kama jirani anayeuliza mbuzi huyu ni wa nani.

Juu, barazani, mjomba Ludovic alikuwa ameshika vyuma kwa mikono miwili. Alisikia. Nilimwona amesikia.

"Nani... amefunga?"

"Mjomba!" nikapiga kelele. "Sema!"

Akasema. Akanyoosha kidole, akakielekeza chini kwa mtoto wa dada yake.

"Huyo. Huyo msichana."

Mama mdogo alikuwa jikoni. Aliacha mwiko ndani ya ugali, akamvuta kaka yake kwa shati mpaka kwenye sufuria.

"Fungua."

"Nikifungua atajua ni mimi."

"Fungua, Ludovic! Ni mwanangu!"

"Wewe una wengine."

Maneno hayo mama mdogo aliyarudia siku ya Pasaka, akimtazama usoni. Ludovic hakuyakana. Alisema nyama imezidi chumvi.

Mama mdogo alijaribu fundo kwa kucha, akajaribu kwa meno. Halikulegea. Fundo la mvua hufunguliwa na aliyelifunga, na halikatwi. Alilijua hilo tangu utotoni. Akachukua kisu, akalikata.

Huku chini mvua ilirudi yote kwa pamoja.

Theluji haikuyeyuka. Haikuwepo tu. Mélissa alikuwa amesimama na skii zake juu ya majani yaliyolowa, macho wazi, nywele zimeganda nyeupe. Nilimwita. Aligeuza kichwa kuelekea upande ambao sikuwepo.

Hospitalini daktari alisema ni jeraha la baridi kali, akauliza tumetoka milima ipi. Nikamwambia Bredäng. Akarudia swali polepole, akidhani sijui Kiswidi.

Safari ilifutwa. Mchungaji akatuita, akatuambia tusamehe, kwamba mtoto alipatwa na baridi na mjomba alipatwa na hofu. Baridi gani, kwa nyuzi nne juu ya sifuri? Jumapili iliyofuata Ludovic alisimama mstari wa mbele wa kwaya akaimba besi, kitabu wazi, na watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Sijaitikia mpaka leo.

Mama mdogo alipiga simu Rumonge, akamwuliza bibi mmoja anayeyajua mambo hayo. Bibi akasema: kilichokatwa hakijafunguliwa. Aliyeuliza alipewa jibu, na aliyelitoa hajalirudisha. Mama mdogo akamfuata Ludovic mara nyingi, akimwomba aende pale uwanjani, aseme ni yeye. Mara zote Ludovic alikuwa na kazi.

Sasa wahusika. Emérithe alifariki Novemba 2011. Ludovic yuko hai, anaishi Vällingby, ana afya njema na anaimba bado. Mimi niko hai. Mélissa yuko hai. Ukimpa mkono, kwa baridi yake utasema sivyo.