Kila Mshono wa Kipusa

Jambo lenyewe lilianza na paa moja. Jumanne saa saba mchana, Fundi alirudi kutoka kuanika shuka, akafungua chumba chake cha kushonea, akakuta paa jekundu la kitambaa, katikati ya mfarishi wa viraka, limefumuka. Halikuchanika. Uzi wake wote ulikuwa umezungushwa mezani, duara dogo nadhifu, kama nywele zilizotolewa kwenye chanuo. Na kile kisu kidogo cha kufumulia, alipokishika, kilikuwa na joto la mkono wa mtu.

Mlango alikuwa ameufunga, na ufunguo alikuwa nao shingoni.

Mfarishi ule haukuwa wake. Ulikuwa wa mdogo wake, ambaye tangu utotoni nyumba nzima ilimwita Kipusa. Mimba ilipomsumbua, Kipusa alilazwa hospitali wiki sita, ghorofa ya tatu, amekatazwa hata kusimama. Dirishani hakuona ila mapaa ya mji, basi akayachora nyuma ya bahasha za vidonge: mabati yenye kutu, matangi ya maji, kamba za nguo, paka aliyelala juu ya vigae. Aliporuhusiwa akaigeuza michoro ile kuwa viraka, vipande mia nne na ushei, akavishona juu ya pamba na kitambaa cha kijivu. Kulikuwa kumetangazwa shindano la mifarishi, na sharti la kwanza lilisema mchoro uwe wa mshonaji mwenyewe, usiigwe popote. Uchungu ukamwanza kabla hajamaliza. Akajifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, na kwa kuwa mumewe alikuwa safari ya kikazi, akaja kuuguza kidonda kwa dada yake. Na mfarishi akaja nao.

"Dada, umebaki ukingo tu," alimwambia. "Nitilie wewe. Ukingo wenyewe hauna kazi."

Hauna kazi! Fundi alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye cherehani. Ni yeye aliyemfundisha Kipusa kutunga uzi, akimshika vidole. Sare za shule za nusu ya mji zilipita mikononi mwake, na kola zake zilikaa sawa hata zikifuliwa mara mia. Lakini nani aliwahi kusimama njiani kuitazama kola? Sasa wateja waliingia, wakaziruka sare zake kama wanaruka dimbwi, wakaenda moja kwa moja kwenye mfarishi.

"Jamani, mdogo wako ana kipaji! Na wewe unamsaidia, eti?"

Jumatatu, mteja wa mwisho alipotoka, Fundi alibaki peke yake, jua la utosi likipiga bati. Aliutazama mfarishi mpaka roho ikamuuma. Akasema kwa sauti, maana hapakuwa na mtu:

"Laiti kila mshono wa Kipusa ungefumuka. Nikipata wa kunifanyia hivyo, nitamshukuru."

Nyuma ya sare zilizotundikwa ukutani, kitu kikavuta pumzi. Alidhani ni upepo.

Kwa hiyo Jumanne, alipoliona paa lile limefumuka, alijua. Na aibu ya kisa hiki ni kwamba alichokihisi kwanza hakikuwa hofu. Alihisi utamu. Akaufunga mlango polepole, akampelekea mdogo wake maji ya kunywa.

"Mapaa yangu hayajambo?" Kipusa akauliza, mtoto kifuani.

"Hayajambo," Fundi akajibu.

Jumatano yalifumuka mapaa tisa. Safari hii alisimama nje ya mlango na kusikiliza kwa masikio yake. Tk. Tk. Tk. Uzi mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama mtu anayeijua kazi. Chini ya mlango ilipenya harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nywele. Alipofungua, dirisha lilikuwa limefungwa na bado sare zilikuwa zikitikisika, na kutoka katikati yake ikaja sauti ya chini, yenye adabu, kama ya mteja mgeni.

"Nimefika hapa, bibi. Niendelee?"

Angeweza kusema basi. Alifungua mdomo aseme basi. Halafu akayaona mapaa yaliyobaki, namna yalivyopendeza, akaufumba mdomo na kuurudisha mlango.

Alhamisi asubuhi fulana ya mtoto iliachana begani, ikiwa bado mwilini. Mto ukamwaga pamba kitandani. Kipusa alipojiinua, gauni likafumuka ubavu mzima, naye akacheka.

"Dada wewe, siku hizi unashona kwa mate?"

Fundi hakucheka. Na mara Kipusa naye akaacha kucheka, akashika tumbo.

"Dada," alinong'ona, "mshono unaniwasha. Kama kuna mtu anapitisha ukucha."

Hapo ndipo Fundi alipoyakumbuka maneno yake sawasawa. Hakutaja mfarishi. Alisema kila mshono.

Nesi aliyekuja kubadilisha bendeji aliinama juu ya kidonda, akakaa vile muda mrefu.

"Nani kaugusa huu?"

"Hakuna mtu."

"Nyuzi mbili zimekatwa, mama. Hazikukatika. Zimekatwa kwa chuma." Akafunga upya. "Naenda kuita gari. Asiinuke."

Fundi hakungoja gari; alitoka mbio na kandambili mguu mmoja, ya pili imebaki sijui wapi, akapita duka la vifungo na kinyozi na ukuta mrefu wa shule ambako watoto walikuwa wakicheza ndani ya sare alizozishona yeye, na kila alipopita alisikia tk, tk, nyuma ya sikio lake, mpaka akafika kwa mganga na kuanguka mlangoni. Mganga alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani ya kusomea, akipangusa chupa zake.

"Ulimwita?" aliuliza, baada ya kusikiliza.

"Sikumwita. Nilisema tu."

"Ndivyo wanavyoitwa. Twende. Utamwondoa kwa mdomo uleule, mbele ya uliyemtakia, na usipunguze neno."

Walimkuta Kipusa chali, jasho linamtiririka, mtoto ubavuni. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Mganga akawasha ubani, akasimama mlangoni.

"Bado nyuzi sita, bibi," ikasema sauti chini ya kitanda, kwa upole. "Nimalize?"

Kipusa alimgeukia dada yake. "Unaongea na nani? Dada, nani yuko chini ya kitanda?"

"Sema," mganga akaamuru.

Na Fundi akasema, amepiga magoti, maneno yakimtoka kama mtu anayetapika: kwamba alimwonea wivu, kwamba kila sifa aliyosifiwa mdogo wake ilimwingia kama sindano chini ya kucha, kwamba alitaka kila mshono wake ufumuke na akaahidi kumshukuru atakayeufumua, na alipoona umeanza kufumuka alifurahi, na alipoulizwa kama kazi iendelee alinyamaza akijua kunyamaza ni ndiyo, na kwamba yeye, si mwingine, ndiye aliyemtuma huyu, na sasa anamfukuza, atoke, asimalize, hana kazi tena katika nyumba hii.

Kisha kitu kikapita juu ya vifundo vya miguu yake, kizito na chenye joto, kama pindo la gauni refu linaloburutwa, na kilipopita nguo zote alizovaa Fundi zikaachia mishono, zikamdondoka vipande vipande. Mlango ukajipiga. Mtoto akaanza kulia.

Fundi, amejishikilia shuka, alinyoosha mikono ambembeleze.

"Usimguse," Kipusa akasema.

Nje, gari lilikuwa limefika. Walipomwinua, Kipusa alimtazama dada yake kwa mara ya mwisho siku ile.

"Ungeniambia tu unaumia. Tungeshona wote. Mapaa yangu uyarudishe. Kama nilivyoyachora."

Aliyarudisha kwa mkono, siku nne, bahasha za vidonge mbele yake, akatia na ukingo, na chumba kikabaki kimya. Mganga alipita kukagua, akanusa kila pembe, akaridhika. "Amekwenda," alisema. "Kazi yangu ni kuwatoa majini. Yaliyomo moyoni mwako siyawezi."

Kipusa alipona, akahamia kwa wifi yake, na mfarishi ukapelekwa huko. Siku ya shindano Fundi alikwenda bila kualikwa, akakaa safu ya nyuma. Mfarishi wa mapaa ulitundikwa katikati ya ukumbi, nao ukapewa nafasi ya kwanza. Mwamuzi akasoma kwenye kadi historia yake, kama alivyoiandika mshonaji: dirisha la hospitali, bahasha, mtoto. Dada hakutajwa, kwa wema wala kwa ubaya. Watu wakasimama kumpigia makofi.

Na Fundi akausikia wivu ukipanda kifuani, uleule, mzima, haujapungua hata kidogo. Maneno yaleyale yalikuwa yamefika kooni. Akaukamata mdomo kwa mikono yote miwili, akaubana mpaka meno yakaingia kwenye midomo.

Mama aliyekaa jirani, mmoja wa wateja wake, akampapasa bega. "Ndiye mdogo wako? Lia tu, mwenzangu, hiyo ni furaha. Sema neno basi!"

Fundi akatikisa kichwa, macho yamemtoka, na hakuondoa mikono yake mdomoni mpaka ukumbi ulipobaki mtupu.