Bamba la Mwisho la Sidi

Kila asubuhi wanawake wa kijiji cha Ganda walijipanga kwa Sidi kusagisha mahindi. Wiki hii uwanja ulikuwa mtupu. Bamba la chuma linaloshikilia mota ya mashine lilikuwa limekatika. Mumewe Mwambire alikata mabamba mapya matatu, na Sidi, aliyeizoea drili kuliko yeye, akatoboa.

Alitoboa mawili, yote yakaharibika. Bolti hazikuelekeana na miguu ya mota. Mwambire alipozilazimisha kwa nyundo, mota ilikaa upande na mkanda ukachomoka. Sasa limebaki bamba moja, na Jumamosi ni arusi ya binti wa jirani. Sidi ndiye aliyeahidi kusaga unga wote wa sima.

Aliona haya, kisha akakasirika. Aliapa kwamba hili la tatu hataliharibu. Kuuliza si ujinga, basi akayabeba yale mabamba mabovu hadi kwa Damaris, jirani mwingine anayefanya kazi katika karakana ya vyuma mjini Malindi.

Damaris aliyageuza mkononi, akatabasamu.

"Mama Nyevu, mistari ulichora kwa kitu gani?"

"Kwa chaki."

"Mstari wa chaki ni mnene. Ulitoboa upande gani wa mstari?"

"Popote tu," Sidi akakiri. Akaeleza alivyopima: kutoka ukingoni hadi tundu la kwanza, kutoka hilo hadi la pili, hivyo hivyo hadi la nne.

"Basi kosa la tundu la kwanza umelibeba hadi la mwisho," Damaris akasema. "Chagua kingo mbili zinazokutana pembeni. Zinyooshe kwa tupa. Kila tundu ulipime kutoka kingo hizo tu."

Akamwonyesha mengine yote, akamwazima na panchi, kile chuma kifupi chenye ncha.

Kesho yake Sidi hakuigusa drili kwanza. Alinyoosha kingo mbili. Alilisugua bamba, akalipaka rangi nyembamba ya buluu ili mistari ionekane, akaiacha ikauke. Alipima miguu ya mota. Kwa msumari wa chuma ulionolewa akakwaruza mistari myembamba kama unywele, miwili ikikatana kwa kila tundu. Akapima tena, maana chuma hakimhurumii mwenye kukisia. Kisha akaweka ncha ya panchi pale mistari inapokatana, akagonga. Kikatokea kishimo kidogo cha kushika ncha ya drili isiteleze. Akalibana bamba mezani, akatoboa kwa ncha nyembamba, halafu kwa ile nene. Mkono ulitaka kuharakisha. Akaukataza.

Mwambire alikuja kufunga mota, akauliza nyundo iko wapi.

"Nyundo imeshamaliza kazi yake, Baba Nyevu," Sidi akasema.

Akatia bolti kwa vidole. Ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu. Ya nne akaiweka juu ya tundu lake. Akaiachia, nayo ikashuka yenyewe.

Kabla ya adhuhuri mama wa bibi arusi aliisikia mashine ikinguruma. Akajitwika mahindi yake, akaja bila kuitwa.